Kutoka Mtandao hadi Jumuiya: Ujenzi wa Jumuiya ya Mtandaoni ya Walimu wa Shule za Wajesuiti Duniani

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna jumuiya ya kimataifa ya mtandaoni ya walimu wa shule za Wajesuiti, iitwayo Educate Magis, ilivyojengwa, na inachunguza masharti ambayo huufanya mtandao wa intaneti ustahili kuitwa jumuiya. Uchambuzi unaongozwa na mkabala wa jumuiya za utendaji ulioasisiwa na Jean Lave na Etienne Wenger. Makala inaonesha kwamba wazo la kuwaunganisha watu waliotawanyika kwa njia ya mawasiliano si geni katika Shirika la Yesu, bali lina mizizi katika mfumo wa barua wa karne ya 16. Inabainishwa pia kwamba teknolojia imeondoa kikwazo cha umbali, lakini jumuiya imejengwa na mambo matatu yasiyo ya kiteknolojia: hazina ya pamoja ya matini, walezi wa kudumu, na utendaji unaorudiwa. Aidha, makala inajadili suala la lugha kwa kutumia mfano wa walimu wazungumzaji wa Kiswahili wa Tanzania na mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na inahitimisha kwamba lugha ya ushiriki ndiyo inayoamua nani ni mwanajumuiya na nani ni msomaji tu.

Maneno muhimu: jumuiya ya mtandaoni, elimu ya Wajesuiti, jumuiya ya utendaji, lugha ya ushiriki, Kiswahili

1.0 Utangulizi

Shirika la Yesu, ambalo wanashirika wake hujulikana kama Wajesuiti, lilithibitishwa na Papa Paulo III mwaka 1540. Miaka minane baadaye, Mtakatifu Inyasi wa Loyola alituma Wajesuiti kumi Messina, katika kisiwa cha Sicilia, kufungua shule iliyowalenga hasa wanafunzi wasio wanashirika. Shule hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa chanzo cha utume wa elimu wa Wajesuiti. Leo, shule zenye uhusiano na Shirika hilo zinapita 2,000 katika mabara yote yanayokaliwa na watu. Idadi hiyo inajumuisha shule za Fe y Alegría, harakati ya elimu kwa maskini iliyoanzia Caracas, Venezuela, mwaka 1955, na zile za Huduma ya Wajesuiti kwa Wakimbizi, iliyoanzishwa mwaka 1980.

Ukubwa huo unaficha tatizo. Kwa karne nyingi, kilichoziunganisha shule hizi kilikuwa ni Wajesuiti wenyewe. Walipitia malezi marefu yaliyofanana, waliweka nadhiri zilezile, walifanya Mazoezi ya Kiroho yaleyale na walisoma Kilatini. Mjesuiti aliyehamishwa kutoka Lisbon kwenda Goa aliikuta shule aliyoweza kuielewa tangu siku ya kwanza. Hali ya leo ni tofauti. Walimu walio wengi katika shule hizi ni walei. Baadhi yao si Wakatoliki, na wengine si Wakristo. Mwalimu wa hisabati aliyeajiriwa baada ya kuhitimu chuo kikuu hakupitia unovisi, hana nadhiri, wala hakuwahi kukutana na mwalimu mwenzake wa shule ya Kijesuiti ya nchi nyingine. Kwa hiyo, swali linalojitokeza ni hili: ni kitu gani kinachoweza kuwafanya walimu hao wawe wamoja, ikiwa kile kilichowaunganisha watangulizi wao hakipo tena?

Jibu mojawapo lililotolewa na uongozi wa elimu wa Shirika ni kuanzishwa kwa Educate Magis mwaka 2015, jumuiya ya mtandaoni iliyoandaliwa kwa ushirikiano na Wajesuiti wa Ireland. Neno magis ni la Kilatini, lenye maana ya 'zaidi', na katika mapokeo ya Inyasi hurejelea kutafuta lililo bora zaidi badala ya kuridhika na lililo jema tu. Makala hii haikusudii kupima mafanikio ya chombo hicho kwa takwimu za watumiaji. Inakusudia kufafanua misingi iliyokijenga na kuonesha mahali ambapo ujenzi huo haujakamilika.

2.0 Mtandao na Jumuiya: Ufafanuzi wa Dhana

Katika mazungumzo ya kila siku, maneno mtandao na jumuiya hutumiwa kana kwamba yana maana moja. Hata hivyo, Kiswahili chenyewe kinayatofautisha. Neno mtandao linahusiana na kitenzi tanda, yaani kuenea au kufunika eneo, kama mawingu yanavyotanda angani. Neno utandawazi nalo limejengwa juu ya kitenzi hichohicho. Kwa upande mwingine, jumuiya ni neno lenye asili ya Kiarabu, kutoka katika mzizi wenye maana ya kukusanya; mzizi huo ndio uliozaa maneno jamii, jamaa na Ijumaa. Hivyo, mtandao ni dhana ya kuenea, ilhali jumuiya ni dhana ya kukusanyika. Kitu kinaweza kutanda dunia nzima bila kumkusanya mtu yeyote.

Tofauti hiyo ina uzito maalumu katika Afrika Mashariki. Tangu miaka ya 1970, Maaskofu Katoliki wa ukanda huu, kupitia umoja wao wa AMECEA, waliweka mkazo katika Jumuiya Ndogondogo za Kikristo. Mkutano wao mkuu wa mwaka 1976 ulilifanya suala hilo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Kwa mwalimu Mkatoliki wa Dodoma au Nairobi, jumuiya ni kundi la majirani wanaokutana nyumbani kwa mmoja wao, wakasoma Injili, wakatafakari, kisha wakapanga nani akamtembelee mgonjwa na nani achangie ada ya yatima. Anayekosekana huulizwa alikuwa wapi. Kwa kipimo hicho, orodha ya watu wenye nywila za kuingilia mahali pamoja mtandaoni haitoshi kuitwa jumuiya.

Mkabala wa jumuiya za utendaji unatoa zana za kuchambulia tofauti hiyo. Wenger (1998) anabainisha nguzo tatu za jumuiya ya aina hiyo: kushirikiana kwa wahusika, shughuli inayowahusu wote, na hazina ya pamoja, yaani maneno, visa, zana na taratibu ambazo wanajumuiya wamezijenga wakiwa pamoja. Kabla ya hapo, Lave na Wenger (1991) walieleza kwamba mgeni hujifunza kwa kuanzia pembezoni, akishiriki katika kazi ndogondogo zilizo halali, kisha akasogea taratibu kuelekea kiini. Dhana hii ya pembezoni ni muhimu katika uchambuzi unaofuata, kwa kuwa pembezoni panatakiwa pawe njia ya kupitia. Mtu anapobaki hapo daima, huwa ametengwa.

3.0 Usuli wa Kihistoria: Barua kama Chombo cha Umoja

Ujenzi wa jumuiya ya mbali katika Shirika la Yesu haukuanza na intaneti. Wenzi wa kwanza wa Inyasi walitawanyika karibu mara tu baada ya Shirika kuthibitishwa. Fransisko Ksaveri aliondoka Lisbon mwaka 1541 kwenda India. Mwaka 1542 meli yake ilitia nanga Malindi, katika pwani ya Kenya ya leo, na katika barua aliyowaandikia wenzake wa Roma kutoka Goa mwezi Septemba mwaka huo, alisimulia mazungumzo yake na Waislamu wa mji huo kuhusu sala. Barua yake nyingine, ya mwanzoni mwa 1544, ilichapishwa Paris mwaka 1545 na kusomwa na wengi waliokuwa vyuoni. Kwa njia hiyo, msomaji aliyekuwa Ulaya aliweza kujiona kuwa sehemu ya kazi iliyofanyika mbali naye.

Inyasi hakuacha jambo hilo lijiendee. Barua zake zilizohifadhiwa zinakaribia 7,000, na tangu mwaka 1547 alisaidiwa na katibu, Juan de Polanco, aliyeratibu mawasiliano ya Shirika zima. Mambo matatu ya mfumo huo yanastahili kuangaliwa kwa makini.

Kwanza, kulikuwa na mgawanyo wa kilicho wazi na kilicho cha faragha. Mwaka 1542 Inyasi alimwandikia Pierre Favre akimkumbusha kwamba barua kuu iandikwe kwa namna ambayo yeyote angeweza kuoneshwa, na mambo mengine yawekwe katika karatasi za pembeni. Pili, kulikuwa na mzunguko wa kudumu. Sehemu ya nane ya Katiba ya Shirika, inayohusu umoja wa wanashirika walio mbali, inaziagiza nyumba na vyuo kuandika barua kila baada ya miezi minne, na inaagiza nakala zitolewe ili waliopo katika maeneo mengine wapate habari. Tatu, Katiba iliagiza barua hizo ziandikwe kwa lugha ya wenyeji wa provinsi husika na pia kwa Kilatini, zikiwa na maudhui yaleyale. Jambo hili la tatu litarejelewa katika sehemu ya sita.

Utaratibu wa kushauriana kwa mbali ulitumika pia katika mtaala. Rasimu ya mpango wa masomo, Ratio Studiorum, ilitumwa katika provinsi mwaka 1586 ili walimu watoe maoni. Toleo la 1591 lilifuata, na toleo la mwisho lilitangazwa mwaka 1599 chini ya Mkuu wa Shirika, Claudio Acquaviva. Matini iliyoongoza shule za Wajesuiti kwa takribani karne mbili ilitokana, kwa hiyo, na uzoefu uliokusanywa kutoka madarasani.

Umoja huo ulivunjika mwaka 1773 Papa Klementi XIV alipolifuta Shirika. Lilipofufuliwa na Papa Pius VII mwaka 1814, mazingira yalikuwa yamebadilika. Serikali za nchi nyingi zilianza kusimamia mitaala na mitihani zenyewe, na marekebisho ya Ratio ya mwaka 1832 hayakupata nguvu ya sheria kwa shule zote. Kuanzia hapo kila shule ililazimika kuitazama wizara ya nchi yake kabla ya kuitazama Roma. Shule ziliongezeka, lakini mazungumzo baina yao yalipungua.

4.0 Kutoka Tamko hadi Jumuiya: 1980–2024

Jitihada za kuurudisha umoja wa shule zilianza upya mwaka 1980, wakati Mkuu wa Shirika, Pedro Arrupe, alipolihutubia kundi dogo la wataalamu wa elimu waliokutana Roma. Kundi hilo, lililohusisha Wajesuiti na walei, lilipendekeza kuwepo kwa tume ya kudumu ya kimataifa ya elimu. Tume hiyo, inayojulikana kwa kifupi kama ICAJE, iliandaa tamko la mwaka 1986 kuhusu sifa bainifu za elimu ya Wajesuiti, lililotolewa chini ya Peter-Hans Kolvenbach. Mwaka 1993 ikafuata matini kuhusu ufundishaji wa Kiinyasi, iliyoweka hatua tano za kumwongoza mwalimu: muktadha, uzoefu, tafakari, tendo na tathmini.

Matini hizi mbili ziliwapa walimu msamiati wa pamoja. Hata hivyo, mwelekeo wake ulikuwa mmoja: kutoka kituoni kwenda shuleni. Mwalimu alikuwa msomaji wa matini; hakuwa na njia ya kuwaeleza wenzake wa nchi nyingine yaliyotokea alipojaribu kuzitumia darasani.

Mabadiliko yaliharakishwa na mambo mawili. La kwanza ni kuenea kwa intaneti. La pili ni mjadala ndani ya Shirika kuhusu maana ya kuwa chombo kimoja cha kimataifa. Katika hotuba yake ya mwaka 2010 huko Mexico City, Mkuu wa Shirika wa wakati huo, Adolfo Nicolás, alitahadharisha kwamba utandawazi ulikuwa ukieneza pia fikra za juujuu, na akavitaka vyuo vikuu vya Wajesuiti vitafute kina katika fikra na mawazo. Tahadhari hiyo inahusu vilevile jumuiya yoyote ya mtandaoni: chombo kinachorahisisha kutuma habari hurahisisha pia kupita bila kusimama.

Mwaka 2012 viongozi wa shule za sekondari za Wajesuiti kutoka mabara mbalimbali walikutana Boston, Marekani, na kukubaliana kwamba shule zao zinapaswa kufanya kazi kama mtandao mmoja wa kimataifa. Mwaka 2014 semina kuhusu ufundishaji na maisha ya kiroho ya Kiinyasi ilifanyika Manresa, Hispania. Educate Magis ilianzishwa mwaka uliofuata, ikilenga kuendeleza mazungumzo ya mikutano hiyo baada ya wajumbe kurejea makwao. Oktoba 2017, wajumbe wa elimu waliokutana Rio de Janeiro walitoa makubaliano 13, na miongoni mwa hayo waliahidi kuitumia jumuiya hiyo katika kuukuza mwelekeo wa kimataifa wa shule zao. Mwaka 2019 ICAJE ilitoa matini mpya iliyoielezea elimu ya Wajesuiti kama mapokeo hai, ikiwa na vitambulisho 10 vya shule ya Kijesuiti, kikiwemo kile cha uraia wa ulimwengu.

Janga la UVIKO-19 lilivuruga ratiba hiyo. Mkutano uliopangwa kufanyika Yogyakarta, Indonesia, uliahirishwa hadi mwaka 2024. Badala ya kusubiri, mwaka 2021 kongamano la kimataifa la elimu lilifanyika mtandaoni kabisa. Tukio hilo lilikuwa na athari ambayo haikukusudiwa tangu awali: mwalimu wa kawaida, ambaye shule yake isingemudu kumlipia nauli ya ndege, aliweza kuingia katika mkutano ambao hapo kabla ulikuwa wa wakuu wa shule na wajumbe wa provinsi.

5.0 Vijenzi vya Jumuiya

Historia hii inaonesha kwamba teknolojia ilikuwa sharti la lazima lakini lisilotosheleza. Vijenzi vitatu vinaonekana kuwa na mchango mkubwa zaidi.

5.1 Hazina ya Pamoja

Walimu wawili wasiofahamiana hawawezi kuzungumza kwa kina ikiwa hawana jambo la kuanzia. Katika jumuiya hii, jambo hilo ni matini za 1986, 1993 na 2019. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu wa jiografia wa Dodoma, mahali penye mvua chache, anafundisha mada ya maji. Mwenzake wa Ufilipino anafundisha mada hiyohiyo mahali ambapo vimbunga huleta mafuriko. Mitaala yao ni tofauti na mitihani yao hailingani. Lakini kila mmoja akiulizwa katika somo lake muktadha ulikuwa upi, wanafunzi walipata uzoefu gani, walitafakari nini, na tafakari hiyo iliwaongoza kwenye tendo lipi, majibu yao yanaweza kulinganishwa. Hatua tano za mwaka 1993 zinafanya kazi kama sarufi ya mazungumzo. Zinawawezesha walimu kutofautiana bila kupotezana.

5.2 Walezi wa Kudumu

Polanco alikaa katika ofisi ya ukatibu kwa zaidi ya miaka 20, na umoja wa barua ulitegemea kazi yake ya kusoma, kunakili, kukumbusha na kujibu. Jumuiya ya mtandaoni inahitaji kazi hiyohiyo. Mahali pa mazungumzo pasipo na mlezi hugeuka kuwa ubao wa matangazo: kila mtu hubandika lake na kuondoka. Mlezi humkaribisha mgeni, humwunganisha mwenye swali na mwenye uzoefu, na hutambua ukimya wa eneo fulani kabla haujawa mazoea. Educate Magis ina timu inayofanya kazi hiyo, na katika provinsi mbalimbali wapo wajumbe wa elimu walio kiungo kati ya shule na ngazi ya dunia. Inafaa kusisitiza kwamba kazi hii ina gharama, na kwamba gharama hiyo hurudi kila mwaka. Taasisi nyingi hutenga fedha za kujenga mfumo, zikasahau fedha za kuulea.

5.3 Utendaji Unaorudiwa

Kijenzi cha tatu ni kufanya kitu pamoja, tena na tena. Barua za miezi minne zilikuwa na nguvu kwa sababu zilitarajiwa. Katika mazingira ya leo, nafasi hiyo huchukuliwa na miradi inayounganisha madarasa, tafakari za pamoja katika majira ya mwaka wa Kanisa, na mikutano ya mtandaoni ya walimu wa somo au wajibu unaofanana.

Hapa ndipo vikwazo vya kawaida hujitokeza. Saa tisa alasiri ya Dar es Salaam ni saa moja asubuhi ya Bogotá na saa mbili usiku ya Manila. Mkutano mmoja unaowafaa wote watatu unapatikana kwa shida, na anayesumbuliwa mara nyingi hupungukiwa na ari. Kuna pia gharama ya bando, kukatika kwa umeme, na mzigo wa vipindi. Mwalimu mwenye madarasa makubwa na rundo la madaftari ya kusahihisha hataingia mtandaoni kwa sababu tu amealikwa. Ataingia ikiwa kinachofanyika huko kinaipunguza kazi yake au kinaipa maana. Kwa hiyo, utendaji unaodumu ni ule unaoanzia katika somo ambalo mwalimu alikuwa analifundisha hata hivyo.

6.0 Suala la Lugha: Mfano wa Wazungumzaji wa Kiswahili

Lugha za kazi za Educate Magis ni Kiingereza, Kihispania na Kifaransa. Uteuzi huo una mantiki, kwani shule nyingi ziko katika maeneo yanayotumia lugha hizo. Hata hivyo, athari zake zinaonekana wazi zaidi zinapotazamwa kutoka katika ukanda wa Kiswahili.

Wajesuiti wana shule Dar es Salaam na Dodoma, nchini Tanzania, na Nairobi, nchini Kenya. Wana pia shule kongwe mjini Bukavu, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo jina lake lenyewe ni la Kiswahili: Collège Alfajiri. Kiswahili ni miongoni mwa lugha nne za taifa nchini humo, na mjini Bukavu ndicho kinachosikika sokoni na katika mazungumzo ya kawaida. Licha ya hayo, Tanzania na Kenya zimo katika Provinsi ya Afrika Mashariki, ilhali Kongo imo katika Provinsi ya Afrika ya Kati. Shule za sekondari za upande mmoja hufundisha kwa Kiingereza, za upande wa pili kwa Kifaransa. Matokeo yake ni kwamba mwalimu wa Dar es Salaam na mwalimu wa Bukavu, ambao wangekutana stendi wangesalimiana na kuelewana papo hapo, katika jumuiya yao ya kimataifa huingia kwa milango miwili tofauti. Chombo kilichokusudiwa kuwakutanisha walio mbali kinaweza kuwatenganisha waliokuwa tayari karibu.

Pingamizi linaweza kutolewa kwamba walimu hao hufundisha kwa Kiingereza au Kifaransa kila siku, hivyo lugha si kikwazo kwao. Pingamizi hilo halitofautishi matumizi mawili ya lugha. Kueleza kanuni ya fizikia kwa lugha ya mtaala ni jambo moja. Kueleza kwa nini somo lilishindikana, au namna kifo cha mwanafunzi kilivyolibadilisha darasa, ni jambo jingine. Mazungumzo ya aina ya pili, katika ofisi za walimu za ukanda huu, hufanyika kwa Kiswahili. Na ikumbukwe kwamba kiini cha ufundishaji wa Kiinyasi ni tafakari juu ya uzoefu, yaani mazungumzo hasa ya aina hiyo ya pili. Mwalimu anaposhindwa kutafakari kwa lugha anayofikiria nayo, huchagua kusoma ya wenzake na kunyamaza. Kwa istilahi za Lave na Wenger, anabaki pembezoni, na pembezoni pake hapasogei.

Pingamizi la pili ni kwamba programu za tafsiri zimelimaliza tatizo. Ni kweli kwamba programu hizo humsaidia msomaji. Lakini kusoma na kushiriki ni vitendo viwili. Tafsiri ya mashine humletea mwalimu wa Bukavu maneno ya wengine. Haimhakikishii kwamba maneno yake yanasubiriwa.

Pingamizi la tatu ndilo lenye uzito zaidi. Kila lugha ikipewa chumba chake, jumuiya moja inaweza kugeuka kuwa vijumuiya visivyosikilizana. Hofu hiyo ni halali, na jibu lake liko katika mapokeo ya Shirika lenyewe. Utaratibu wa Katiba uliotajwa katika sehemu ya tatu haukuchagua kati ya lugha ya wenyeji na Kilatini. Uliagiza zote mbili. Lugha ya wenyeji iliwezesha jambo lisemwe kwa ukamilifu na lisomwe na waliolizunguka. Kilatini kililifikisha kwa walio mbali. Utaratibu huo ukifuatwa leo, walimu wa ukanda wa Kiswahili wangeweza kuandika na kujadili kwa Kiswahili kuvuka mpaka wa provinsi, kisha muhtasari wa mazungumzo yao ukapelekwa kwa jumuiya pana katika lugha zake za kazi. Kazi hiyo ya kuvusha ingekuwa sehemu ya wajibu wa walezi waliojadiliwa katika sehemu ya 5.2. Mazingira ya kikanda yanaruhusu hatua hiyo, hasa baada ya Kongo kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba jumuiya ya kimataifa ya mtandaoni ya walimu wa shule za Wajesuiti ni hatua ya karibuni katika historia ndefu ya kuwaunganisha watu waliotawanyika. Imebainika kwamba intaneti imefanya kazi ambayo meli za karne ya 16 ziliifanya kwa miezi mingi, lakini kazi iliyobaki ni ileile iliyomkabili Polanco: kuwa na matini zinazowafanya watu waelewane, kuwa na walezi wasiochoka mapema, na kuwa na shughuli inayorudiwa hadi ikawa desturi.

Imebainika pia kwamba umoja wa walimu walei hauwezi kujengwa juu ya nadhiri wala malezi ya unovisi. Unajengwa juu ya mazungumzo ya kweli kuhusu kazi. Ikiwa hivyo ndivyo, basi lugha haiwezi kuchukuliwa kuwa jambo la kiufundi linaloshughulikiwa mwishoni, baada ya mengine yote kukamilika. Ni sehemu ya msingi. Utafiti zaidi unahitajika katika ushiriki halisi wa walimu wa ukanda huu, kwa kuwahoji wenyewe na kuchunguza ni wakati gani wanaandika, wakati gani wanasoma tu, na kwa sababu zipi. Kwa sasa, kipimo kinachopendekezwa na makala hii ni kile kinachofahamika katika Jumuiya Ndogondogo: mtu asipoonekana, je, kuna anayeuliza yuko wapi? Mahali ambapo swali hilo huulizwa, mtandao umeanza kuwa jumuiya.